Njia za Usambara kwa Miguu ya Pwani: Siku Nane za Kukimbia kutoka Lushoto hadi Vuga

Siku ya kwanza, Jumamosi: Tanga hadi Lushoto

Kwa miaka minne nimekuwa nikikimbia alfajiri Tanga mjini, kutoka Ngamiani, Barabara ya Kumi na Moja, hadi Raskazone na kurudi, na katika muda wote huo sijakutana na mwinuko ambao mtu wa baiskeli angelazimika kushuka na kusukuma. Binamu yangu, aliyenifundisha jogingi na ambaye kwa kasi amenipita mbali, naye hajui njia nyingine. Kwa hiyo tulipokubaliana kwamba likizo ya kipupwe hiki tuitumie kukimbia katika Milima ya Usambara Magharibi, tulijua kabisa kwamba mapafu na mapaja tunayokwenda nayo ni ya pwani.

Basi lilipita Muheza, Segera na Korogwe, milima ikatutokea mkono wa kulia na kuendelea kutusindikiza hadi Mombo, mji ambao reli ya kutoka Tanga iliufikia mwaka 1905. Hapo gari hukunja na kuanza kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na katika umbali huo barabara hupanda karibu mita 1,000. Ukigawanya utaona kwamba kwa wastani ni mita tatu tu za kupanda katika kila mita mia moja za kwenda, hesabu ambayo ilinitia moyo sana nikiwa nimekaa kitini. Siri ya hesabu hiyo ni kuzunguka. Barabara hii, iliyoanza kuchongwa enzi za Wajerumani, huufuata mlima kama mtu anayemzungushia mtoto kanga, kona baada ya kona, kwa sababu ilikusudiwa kubeba magurudumu.

Katikati ya kona hizo niliona watoto watatu, mmoja wao akiwa na kuni kichwani, wakiiacha lami chini yetu na kuingia katika njia nyembamba iliyopanda moja kwa moja kati ya migomba. Basi likazunguka kona mbili, likasimama kushusha abiria na magunia yake, na lilipoondoka watoto walewale walikuwa tayari juu yetu, wakitembea bila haraka. Binamu yangu alicheka. Mimi nilianza kuingiwa na wasiwasi, kwani njia tulizokuja kuzikimbia ni zile za watoto wale.

Jioni tulikimbia kilomita nne tu mjini Lushoto, polepole, tukiwa na masweta. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa huwa pungufu kwa takribani asilimia 15 ukilinganisha na ule wa Raskazone. Sehemu ya oksijeni hubaki ileile ya asilimia 21, lakini kila pumzi hubeba hewa pungufu. Nilifahamu hayo kwa kuyasoma. Kuyafahamu kwa kifua, katika mwinuko mdogo wa kutoka sokoni, ni elimu nyingine kabisa.

Siku ya pili, Jumapili: Irente

Tulimpata kijana wa kutuongoza, mzaliwa wa upande wa Vuga, ambaye hutembeza wageni siku za kawaida na hukubali kukimbia pale mgeni anapotaka. Alikuja amevaa yeboyebo. Nilivitazama viatu hivyo vya plastiki, nikavitazama vyangu vya kukimbilia vyenye soli laini nilivyovipata kwa bei nzuri kwenye mitumba, na nikamwonea huruma bila sababu, kama itakavyoonekana.

Kutoka Lushoto kwenda Irente ni mwendo wa kilomita sita hivi, na njia ya magari hupita kijiji cha Yoghoi ikipanda kwa upole. Mkimbiaji anayeanza ningemshauri aifuate hiyohiyo, kwani ina kivuli cha mikaratusi, ina watu wa kuuliza, na bodaboda hupita mara kwa mara endapo goti litagoma. Kijana wetu hakutaka. Alituingiza katika njia za mashamba, na hapo ndipo aliposema jambo ambalo limetawala siku zote zilizofuata. Nilimuuliza njia iliyo mbele yetu ina mwinuko kiasi gani, naye akanijibu: “Mjomba, usiulize mwinuko, uliza njia ya nini. Hii ni ya kwenda maji.”

Njia ya kwenda maji, alieleza, haina simile: hutoka nyumbani ikashuka moja kwa moja hadi kijitoni, kwa kuwa anayeshuka ana ndoo tupu na hataki kuzunguka, na anayepanda na ndoo iliyojaa hujua mahali pa kupumzika. Njia ya shambani hukata mlima kwa ubavu ikifuata matuta, na kwa hiyo ni karibu tambarare, ila ni nyembamba na upande wa chini imeshikwa na majani ya guatemala yaliyopandwa kuzuia udongo usiporomoke. Njia ya gulioni hutafuta mgongo wa mlima na kubaki juu yake, maana hupitwa na watu wenye mizigo mizito ambao wakishapanda hawako tayari kushuka tena bure. Tangu hapo sikuitazama tena saa yangu inayosoma setilaiti kwa ajili ya kujua kinachokuja. Nilitazama aliyeko mbele yangu amebeba nini.

Kwenye jabali la Irente ardhi inakatika. Chini, umbali wa karibu kilomita moja wima, iko Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, na baada yake nyika ya Wamasai inayoishia katika ukungu. Sisi watu wa Tanga tumelelewa na mkonge, zao ambalo Dakta Richard Hindorf alilileta mwaka 1893 kwa miche michache iliyosalia safarini na kupandwa upande wa Pangani. Lakini sikuwahi kuuona kutoka juu, ukiwa mdogo kama mshono wa kofia. Tulikaa hapo kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kwa mtu aliyetoka jasho, tukapigwa na upepo, na tukarudi tukitetemeka. Shamba la kanisa lililo jirani lilituokoa kwa mkate wa ngano isiyokobolewa, jibini na chai.

Siku ya tatu, Jumatatu: Msitu wa Magamba

Hii ndiyo siku iliyonifundisha zaidi na kuniumiza zaidi.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, na mtu haingii tu kwa kuwa ana miguu: hujiandikisha, hulipa kiingilio na huwa na mwongozaji. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wakimbiaji wakinung'unika kwamba kukimbia si utalii. Msitu hauna namna ya kutofautisha, na mtu aliyepotea katika ukungu wa Magamba hutafutwa na watu walewale wanaomtafuta mtalii.

Tulipanda kutoka Lushoto kwa njia ya kijiji cha Magamba, kwa kukimbia pale palipokuwa tambarare na kutembea kwa hatua fupi, mikono juu ya magoti, pale palipopanda. Kutembea katika mwinuko mkali si aibu. Kuna mwinuko ambao mtu anayetembea kwa nguvu na mtu anayejikongoja kwa mbio hufika pamoja, ila mmoja anafika akiwa na pumzi ya kuendelea. Binamu yangu alichukua saa nzima kulikubali hili, akikimbia mita hamsini na kusimama, akikimbia na kusimama, mpaka mama mmoja mwenye kikapu cha karoti kichwani alipompita mara ya tatu na kumpa pole.

Ndani ya msitu baridi ilizidi. Kanuni ya kawaida ni kwamba joto hushuka kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, na tulikuwa tunakaribia mita 2,000. Miti mikubwa ya mkulo imevaa kuvumwani na kuota mimea mingine juu yake, mizizi imetapakaa njiani kama mishipa ya mkono wa mzee, na juu mbega walikuwa wakirukaruka na mikia yao yenye ncha nyeupe. Njia za humo ni za aina mbili. Ziko pana, zilizokatwa kwa mteremko mdogo, ambazo zamani zilitumika kuburuta magogo. Hizo mtu anaweza kuzikimbia kwa furaha kubwa, kwani ardhi ni laini na kona zake zinaonekana. Na ziko nyembamba, za watu wa kutafuta dawa na kuni zilizoanguka, ambazo hujikunja kufuata mti, si kufuata mlima, na humo mtu akikimbia anajitakia.

Nilijitakia. Tulikuwa tunashuka, nami nikiwa na kiburi cha mtu aliyekwisha kupanda, nikaacha miguu iende. Udongo mwekundu uliolowa ukungu, ukifunikwa na majani, hauna tofauti na sabuni, na soli zangu laini zilifaa kwa lami ya Raskazone tu. Nilianguka kwa ubavu, nikateleza kama urefu wa mtumbwi, na mzizi ukanisimamisha. Kiwiko kilichubuka, suruali ikachanika. Kijana mwenye yeboyebo alisimama juu yangu bila hata kuhema.

Baadaye alinionyesha kosa langu, ambalo halikuwa viatu peke yake. Nilikuwa nikishuka nimeegemea nyuma, nikipiga visigino na kukanyaga hatua ndefu, yaani nikijizuia. Yeye hushuka kwa hatua fupifupi na nyingi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, mwili ukielekea mbele pamoja na mlima, macho yakitazama hatua ya tatu na siyo ya kwanza. Mikono huiacha ielee kama ya mtu anayevuka kwa kutembea juu ya ukuta. Nilijaribu kwa robo saa na nikaona kwamba mguu unaokaa chini kwa muda mfupi haupati nafasi ya kuteleza.

Tukiwa tumekaa kupumzika, mazungumzo yalifika kwa John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968 jijini Mexico, mji ulio kiasi cha mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, akaumia goti na bado akamaliza. Nilipokuwa mdogo nilidhani ajabu ya habari ile ni goti. Leo, nikiwa chini kidogo ya kimo hicho na nikiwa nimekimbia theluthi ya umbali huo, nilianza kuistaajabia pumzi.

Siku ya nne, Jumanne: Lushoto

Hatukukimbia. Nilishuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume, nikishika ukuta. Maumivu haya yana sababu yake: mtu anapoteremka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki, inajikaza huku inavutwa irefuke, na nyuzi zake hupata michubuko midogo ambayo haiumi palepale bali hukomaa baada ya siku moja hadi tatu. Sisi wa nchi tambarare hatuijui kazi hiyo hata kidogo. Dawa yake ni kutembea taratibu, kula na kuvumilia. Tulikula makande na mchunga, mboga chungu ambayo Wasambaa huisifia sana na ambayo binamu yangu aliimaliza kwa heshima tu. Nilinunua kwa muuza mitumba viatu vingine vyenye meno.

Siku ya tano, Jumatano: kwenda Mtae

Basi la Mtae hupita Magamba, Lukozi, Manolo na Sunga. Safari ni ndefu na barabara ni ya vumbi, lakini kwa mkimbiaji ni kama kusomewa ramani kwa sauti. Lukozi malori yalikuwa yakipakia kabichi na viazi mviringo kwa ajili ya Dar es Salaam, na kutoka kila bonde zilikuja njia zilizokanyagwa sana, zote zikielekea hapo: njia za gulioni, nikazitambua moja kwa moja, kila moja juu ya mgongo wake.

Mtae yenyewe imejengwa juu ya mgongo mwembamba kiasi kwamba mahali pengine nyumba ina bonde mbele na bonde nyuma. Jioni tulikimbia polepole kando ya ukingo kuelekea Mambo, mapaja yakilalamika kwa sauti ya chini. Upande mmoja ilionekana nyika ya Mkomazi na Milima ya Upare ikiwa ya buluu. Upande mwingine ardhi ilishuka kuelekea Umba na mpaka wa Kenya. Kama ningelazimika kuchagua njia moja tu katika safari hii kwa ajili ya mtu asiyependa kupanda, ningemchagulia hii, kwa kuwa kimo kimekwishalipwa na basi. Masharti ni mawili: asikimbie baada ya magharibi, na asitazame mandhari na kukanyaga kwa wakati mmoja. Atakaye kutazama na asimame.

Siku ya sita, Alhamisi: Mtae hadi Rangwi

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni na vilele vikijitokeza kama visiwa, taswira ambayo mtu wa pwani haioni bila kutafuta mashua. Hii ilikuwa njia ndefu kuliko zote, zaidi ya kilomita 20, na ilituchukua nusu siku. Kwa kasi yetu ya Tanga, dakika sita kwa kilomita, tungemaliza kwa saa mbili na dakika chache. Niliiondoa hesabu hiyo kichwani kabla ya kufika Sunga.

Kwenye njia nyembamba kuna adabu yake, na siku hii ndipo tulipoijua vizuri. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Mkimbiaji anayeshuka akikutana na mtu anayepanda na gunia hapaswi kumpita kwa kujibana. Husimama, hujiweka upande wa juu, husalimia na kungoja. Asiseme “samahani, napita”. Kwa siku moja tulisimama hivyo labda mara arobaini, na mwanzoni binamu yangu alikuwa akiisimamisha saa yake kila mara ili wastani usiharibike. Baada ya mara ya kumi aliacha. Watoto wa shule walitufuata hadi walipochoka kutucheka, wanaume waliokuwa wakilima viazi waliinua majembe kutusalimu, na bibi mmoja karibu na msitu, baada ya kupokea shikamoo zetu moja moja, alitutazama mikono.

“Mnapeleka nini?” aliuliza.

Tulimjibu kwamba hatupeleki kitu, tunakimbia tu. Akamgeukia kijana wetu na kumuuliza jambo kwa Kisambaa, kijana akajibu kwa kirefu, na bibi akatikisa kichwa kwa upole, kama anavyotikisa mtu aliyeambiwa habari ya mgonjwa. Kijana alikataa katakata kututafsiria.

Rangwi tulilala katika nyumba ya wageni ya masista. Nilivua viatu vyangu vipya. Vilikuwa vimetimiza wajibu wao, na kucha mbili za vidole gumba zilikuwa zimegeuka rangi. Wakati wa kushuka kidole husukumwa mbele ndani ya kiatu, na kiatu cha milimani kinatakiwa kizidi mguu kwa upana wa kidole kimoja cha mkono. Hilo muuza mitumba hakulisema, nami sikuuliza.

Siku ya saba, Ijumaa

Basi la alfajiri, Lushoto, kulala.

Siku ya nane, Jumamosi: Soni na Vuga

Kwa siku ya mwisho kijana alitaka kutupeleka kwao. Tuliacha mizigo Soni, karibu na maporomoko, tukaingia njia ya Vuga tukiwa na maji na ndizi tu.

Vuga ilikuwa makao ya Wakilindi, watawala wa Usambaa, na chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, amri zake zilisikika kutoka milimani hadi pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na akarudi tena mwaka 1852, kwa miguu kama sisi, ingawa nadhani kwa heshima zaidi. Nilikuwa nimejiuliza njia ya kwenda kwa mfalme ingekuwa ya namna gani katika ule mpangilio wa kijana: si ya maji, si ya shamba, si ya gulio. Jibu lilikuwa chini ya miguu yangu. Njia hupanda hadi kwenye mgongo na kubaki mahali palipo wazi, na mtu anayeijongea Vuga huonekana kwa muda mrefu kabla ya kufika. Watu walituona mapema. Tulipofika, babu mdogo wa kijana alikuwa tayari amesimama nje ya nyumba yake, na chai ilikuwa imewekwa.

Tulimwamkia, akaitika marahaba kwa kila mmoja wetu, akauliza habari za Tanga, za bahari na za bei ya samaki. Hakuuliza kwa nini tunakimbia. Aliuliza tu tunarudi Soni saa ngapi, na tuliposema kwamba tunashuka sasa hivi, tena kwa mbio, aliingia ndani na kutoka na simu yake ya kitochi, iliyopasuka kioo, akiwa ameifunga katika kitambaa pamoja na noti moja ya shilingi elfu tano. Alitaja jina la fundi na mahali kibanda chake kilipo. Akatukabidhi sisi, si mjukuu wake, maana mjukuu alikuwa ameombwa abaki kuezeka banda la mbuzi.

Kushuka kulikuwa kuzuri kuliko kote tulikoshuka. Ardhi ilikuwa kavu, mapaja yalikuwa yamekwisha kupona, na nilikumbuka hatua fupi na macho kwenye hatua ya tatu. Binamu yangu alitangulia, kifurushi kikiwa ndani ya shati lake, mkono mmoja ukikishikilia kisichezecheze, jambo ambalo kwa mtaalamu yeyote wa mbio lingehesabiwa kosa. Tulikutana na mama mwenye ndizi, tukajiweka upande wa juu. Akatuuliza kwa Kiswahili tunapeleka nini.

“Simu ya babu, kwa fundi,” binamu yangu alisema.

“Haya, pelekeni,” akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu Mtae, mwenye mzigo akajibana yeye ili sisi tupite.

Fundi alikuwa anafunga kibanda. Aliigeuza simu, akaipuliza vumbi, akauliza mwenyewe atakuja lini. Tukamwambia siku ya gulio. Akaandika jina kwenye kipande cha karatasi, akakifunga kwa mpira na kuitia simu kwenye droo, nasi tukaenda kutafuta basi la Tanga.